Tunachanga kwa ajili ya karamu, sura ya mwisho tunaiacha peke yake



Nianze na jambo linalonitia haya. Hivi karibuni nilihudhuria utetezi wa teze ya mwenzetu mmoja hapa Kisangani. Juri walipokwisha kutangaza matokeo, tulihamia ukumbini. Wamama walivaa kitambaa kimoja kilichochaguliwa na kamati, na sisi vijana tulivaa mashati ya kitambaa hichohicho. Lituma ilikuwepo, kuku, samaki, sombe, na vinywaji hadi mezani hakukuwa na nafasi ya kuweka kiwiko. Kila mmoja alikuwa amechanga. Mimi nilichanga siku ya kwanza kabisa, maana jina la asiyechanga husomwa kwenye kikundi.

Katikati ya muziki Doktere wetu mpya akaniinamia sikioni: "Yaya, hii franga yote ya leo, kama mungenipatia hata nusu wakati ule niliwaandikia, ningetetea mwaka uliopita." Akacheka, akaenda kusalimia wengine. Mimi nikabaki na paja la kuku mkononi. Wakati ule anaousema, alikuwa ametuandikia kwamba promoteri amekubali sura zote isipokuwa ya mwisho, kwamba anahitaji miezi 3 bila vibarua, na franga ya kuchapa nakala za juri. Ujumbe ule tuliusoma wote. Mimi nilimjibu kwa kuweka picha ya mikono miwili inayoomba Mungu.

Ndiyo maana naandika leo. Kila tunapozungumza habari ya burse za udaktari, tunasema neno moja tu: franga hakuna. Neno hilo lina ukweli, lakini linaficha kitu. Franga kidogo ipo, ya wafadhili na ya kwetu sisi wenyewe. Shida ni wakati inapoingia. Inaingia mwanzoni, mtu anapokwenda kazi ya uwanjani, au inaingia mwisho kabisa, siku ya kuku. Ile miezi 6 au 12 ya kuandika, kufuta, kusahihisha na kuandika tena, mwanafunzi yuko peke yake. Na teze nyingi kuhusu eneo letu zinafia hapo.

Nizungumze yangu, nisije nikasemea wengine. Teze yangu ni ya historia: reli ya Kisangani hadi Ubundu. Ina kilomita 125, ilijengwa na kampuni ya CFL iliyoundwa mwaka 1902, ikafunguliwa mwaka 1906, kwa sababu kwenye maporomoko ya Boyoma meli haipiti. Mimi sikutaka kuandika tena habari za wakubwa wa kampuni. Nilivuka kwa pirogi hadi Lubunga, nikafuata vijiji vya stesheni, wazee waliofanya kazi kwenye reli, wajane wao, watu wa mchele na mafuta ya mawese. Mwaka 2023 mgogoro wa Wambole na Walengola ulipolipuka upande ule wa mto, watu wengi walikimbia makao yao. Baadhi ya walionipa maneno yao sijawaona tena. Wazee wawili wamefariki kabla sijarudi kuwasomea nilichoandika kutoka vinywani mwao.

Nina madaftari 11, sauti kwenye simu mbili, na sura 4 zilizokwisha. Sura ya 5 ina kurasa 9. Imekuwa na kurasa 9 kwa muda mrefu. Mdogo wangu wa nyumbani huniuliza: "Yaya, ile teze iko inaisha siku gani?" Namjibu: "Iko karibu." Anasema: "Karibu yako iko mbali kuliko Ubundu."

Kwa nini haiishi? Si kwa kukosa data. Asubuhi niko asistanti: mazoezi ya wanafunzi, makaratasi ya mtihani ya ukumbi mzima, memware za kusoma. Mchana nafundisha sekondari, kwa kuwa watoto wanakula kila siku. Jioni nawapigia watu kazi zao kwenye kompyuta. Sura ya 5 inapata zamu yake saa 4 ya usiku, umeme ukiwepo. Saa ile mtu anaweza kusahihisha nukta na mkato. Kufikiri hawezi. Na sura ya mwisho ya teze ni ya kufikiri: ndiyo inayosema zile sura 4 zote zina maana gani.

Sasa tusome matangazo ya burse kwa jicho la mhakiki, kama tunavyosoma kitabu. Tuulize: yanamwona nani, na nani hayamwoni?

Kwanza kuna ramani. Mwaka 2008 taasisi ya Marekani ACLS, kwa franga za Carnegie Corporation ya New York, ilianzisha programu ya African Humanities Program kwa watu wa historia, fasihi, lugha, falsafa. Ilikuwa na kitu tunachokihitaji hasa: burse ya kumalizia tasnifu. Nchi zake zilikuwa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Taasisi nyingine ya Marekani, SSRC, ikaja na programu ya sayansi za jamii, nayo ikatenga fungu la kumalizia, ili mwalimu kijana apumzishwe kufundisha na kuandika. Nayo ilifungua mlango kwa watu wa vyuo vya nchi chache, nyingi zikiwa zilezile, pamoja na Kenya. Angalieni vizuri kanuni ya hii ya pili. Haikukukataza kuwa Mkongo. Ilitaka tu uwe na kazi kwenye chuo cha nchi zile. Maana yake, Mkongo aliyefundisha Kampala aliweza kuomba, na yule aliyebaki Kisangani hakuweza. Anayebaki ndiye anayeadhibiwa.

Sisemi ni ubaya wa moyo. Mfadhili huanza mahali ambapo ana washirika na ambapo lugha yake inasikika, na lugha ya programu zile ilikuwa Kiingereza. Lakini mhakiki haangalii nia peke yake, anaangalia matokeo. Matokeo ni kwamba tasnifu kuhusu Kongo inaisha haraka zaidi ikiandikwa nje ya Kongo.

Pili kuna mada. Hapa Tshopo franga ya utafiti imekuwepo. Yangambi, kama kilomita 100 kutoka hapa kwa kushuka mto, ni kituo cha utafiti tangu enzi za INEAC, mwaka 1933. Miaka ya karibuni mradi wa FORETS, kwa franga za Umoja wa Ulaya na chini ya CIFOR, umesomesha wanafunzi wa master na wa udaktari wa UNIKIS. Mwaka 2020 ukasimamishwa mnara wa CongoFlux, wa Chuo Kikuu cha Ghent na washirika wake, unaopima jinsi msitu na hewa vinavyobadilishana kaboni. Mimi siombi waondolewe hata franga moja. Msitu ni wetu, na wanaouandika ni ndugu zetu tuliokaa nao kwenye benchi moja. Ninachosema ni kwamba mti wa Yangambi umepata mtu wa kuuandika hadi ukurasa wa mwisho. Mzee wa stesheni bado anangoja. Na huwezi kulinda msitu bila kujua historia ya watu wanaoishi ndani yake, reli iliyowapitia, na vita vilivyowakimbiza.

Tatu kuna risiti. Karibu kila tangazo linataka bajeti ya vitu: tiketi, mafuta ya moto, madodoso, kinasa sauti. Vitu vyenye risiti. Lakini mtu wa sura ya mwisho anahitaji muda, na muda hauna risiti. Utaandika nini kwenye fomu? "Miezi 3 ya kutofundisha sekondari"? Na matangazo yale machache yanayolipia muda huomba barua ya promoteri inayothibitisha kwamba utamaliza ndani ya mwaka. Barua kama ile anaipata nani kwa urahisi? Yule ambaye tayari ana muda.

Haki itendeke: CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilianza miaka ya 1980 kutoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu, na Kifaransa chetu kinasikika kule. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na hali yetu. Wadogo zangu wa master, fuatilieni matangazo yake tangu sasa, msingoje hadi mchoke kama mimi. Ila bara zima linapanga foleni kwenye mlango ule mmoja.

Najua kuna hoja ya upande wa pili, na ni hoja ya watu wazito. ACLS hiyohiyo, pamoja na Mellon, kwa miaka mingi walikuwa na burse kubwa ya kumalizia tasnifu kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Miaka ya karibuni wakaigeuza: franga sasa inaingia mapema zaidi, mwanafunzi anapoanza kuunda teze yake, ili apate ujasiri wa kujaribu njia mpya. Mtu ataniambia: unaona, hata wao wameacha kulipia mwisho. Nami namjibu: kule mwanafunzi mara nyingi ameshikwa mkono na chuo chake miaka kadhaa kabla ya kufika mwisho. Huku mfumo wa LMD unasema udaktari ni miaka 3, lakini hausemi katika miaka hiyo 3 asistanti atakula nini. Dawa ya mgonjwa wa kule haifai kunywewa huku bila kupima damu kwanza.

Wadogo wengine watauliza: lakini sura moja ya teze inamhusu nani? Reli ya wazee inamsaidia nani? Swali ni zuri. Nijibu kwa jambo ambalo kila familia ya mji huu inalijua.

Juni 2000, kuanzia tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Vita vya siku 6. Wengi wenu wanafunzi wa leo mlikuwa hamjazaliwa, lakini mmeona matundu ya risasi kwenye kuta na mmesikia majina ya waliozikwa. Kongo ilikwenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye, kuishtaki Uganda kwa yote iliyotenda nchini, Kisangani ikiwemo. Mwaka 2005 mahakama ikasema Uganda inawajibika. Kisha ikaja hesabu ya fidia. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 mahakama ikatoa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Someni hukumu ile. Neno linalorudi tena na tena ni ushahidi: ushahidi hautoshi. Mwaka 2020 mahakama ilibidi iteue wataalamu wake 4 wa kuisaidia kukadiria.

Mimi siko mwanasheria, na sisemi teze moja, hata 10, zingegeuza hukumu. Kesi ina kanuni zake. Lakini jiulizeni: mji wenye chuo kikuu, ambako vita vilipita mbele ya mlango wa kila profesa na kila mwanafunzi, ulikuwa na kazi ngapi zilizokwisha, zilizotetewa na kuwekwa maktabani, zinazohesabu mtaa kwa mtaa nani alikufa, nyumba ipi ilibomoka, duka lipi lilifungwa lisifunguliwe tena? Leo FRIVAO, mfuko wa kugawa fidia ile, una makao yake hapahapa Kisangani, na watu wanapanga foleni wakitafuta jinsi ya kuonyesha kwamba wao ni wahanga. Maandishi ambayo hayakumalizika hayawezi kumsaidia mtu kwenye foleni ile. Daftari lililo chini ya kitanda cha asistanti halisomwi na mahakama, halisomwi na FRIVAO, halisomwi na mtoto wa marehemu.

Na tusiseme mji huu haujui kazi kama hiyo. Chuo chetu kilianza mwaka 1963 kama Université Libre du Congo, mwaka 1971 kikaingizwa ndani ya UNAZA, mwaka 1981 kikawa UNIKIS. Katika miaka ile ya UNAZA, Benoît Verhaegen, Mbelgiji aliyekuwa ameandika juu ya maasi ya Kongo, alifanya kazi hapa kwenye kituo cha CRIDE. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha mbinu, kuhusu historia ya mambo ambayo walioyaishi bado wako hai na wanaweza kuulizwa. Mwaka 1975 kikatoka, chini ya uongozi wake, kitabu kuhusu miaka 100 ya Kisangani, na mchapishaji alikuwa Presses Universitaires du Zaïre. Sitaki kuupaka wakati ule asali. Zaire ilikuwa na mambo yake, na ni bahati mbaya kwamba jina linalokumbukwa zaidi ni la mgeni. Lakini kulikuwa na kituo, meza, na mchapishaji. Mtu alipokuwa na data, alikuwa na mahali pa kukaa ili ziwe kitabu. Hicho ndicho kilichokatika.

Basi tufanye nini? Kuwaandikia wafadhili, tuwaandikie, tena kama association, na tuwaeleze hili la wakati na hili la risiti. Kuomba vyuo, tuombe: wajumbe wa juri walio mbali washiriki kwa video, ili mtahiniwa asibebe tiketi za ndege za watu wazima mgongoni. Lakini hayo yote ni ya kumwambia mtu mwingine afanye. Mimi nataka kusema juu yetu.

Sisi tunajua likelemba. Mama zetu sokoni wamelipia minervale zetu kwa likelemba. Napendekeza likelemba ya sura ya mwisho. Kila mchango wa utetezi ugawanywe mara mbili: nusu ya karamu, nusu ya sanduku. Sanduku lisaidie mtu mmoja kwa wakati mmoja, miezi 3. Tusiombe barua ya kuahidi. Tuombe sura zilizokwisha, zisomwe na wenzetu wawili wa idara nyingine. Franga itoke mwezi kwa mwezi, kwa kurasa, si kwa mkupuo. Naye akishatetea, atulipe kwa mambo mawili: kwanza mchango wake kwa anayefuata, pili, arudi kwenye mtaa au kijiji kilichompa data, aeleze kwa Kiswahili au kwa Lingala alichokiandika kwa Kifaransa.

Nasikia tayari: "Watu watakula ile franga." Inawezekana. Lakini kuku pia tunamla, na hakuna aliyewahi kudai risiti. Nasikia tena: "Haitatosha." Kweli, haitatosha kwa wote. Ila mwenzetu yule alihitaji miezi 3 na nakala chache. Tulikuwa nazo. Tulizishika tukingoja siku ya kupigwa picha.

Nadhani tatizo letu liko hapo. Tunampenda Doktere, kwa sababu anatupa jina. Mtu anayeandika teze hatumpendi sana: anaombaomba, amekonda, hachangii, haonekani kwenye mikutano. Akimaliza tunasema alikuwa wetu siku zote.

Naomba kamati iweke jambo hili kwenye mkutano mkuu ujao, tulijadili bila haraka. Na wakati tunangoja: wiki hii dada mmoja wa isimu, anayeandika juu ya Kiswahili cha Kisangani kinavyochanganyika na Lingala sokoni, alituma ujumbe kwenye kikundi. Amebakiza masahihisho na nakala za juri. Mimi nimemtumia franga niliyokuwa nimeweka kando kwa ajili ya kitambaa cha utetezi ujao. Siku ile mtaniona na shati langu la kila siku. Msiniulize kwa nini.